Wodi ya Mgeni

Mzee Murhula alipofika Mbagala kutoka Bukavu na kufungua kibanda cha vipuri vya malori, Mwinshehe mchora vibao hakumuuliza hata jina. Alimwandikia tu kwa rangi nyekundu: DUKA LA MGENI. Mwingine angenuna. Yeye alicheka, na leo jina hilo liko kwenye maghala yake matatu ya Kurasini.

Siku hizi ananunua vibao vya zamani vya saluni na mabucha, vilivyochorwa kwa mkono, anavitundika sebuleni. Wapo wanaomcheka eti anakusanya takataka. Mie nawauliza, nyie mmehifadhi nini?

Mwaka jana alitujengea wodi ya wazazi kwenye zahanati. Tulitaka iitwe kwa jina lake, akakataa. Akamwita Mwinshehe, ambaye sasa mkono unamtetemeka, aandike: WODI YA MGENI.

Juzi mzazi mmoja, kichanga kifuani, alimwamkia Mzee akasema, "Jina zuri, baba. Kila siku hapa tunapata wageni."

Mzee hakumsahihisha. Alimwinamia yule mtoto wa siku moja, akamwambia, "Karibu Mbagala."

Alipokuja yeye, sie hatukumwambia hivyo.