Tulitembea na Mfungua Maji

Ilikuwa mwaka wa mafuriko. Hapana, nimekosea. Mwaka wa mafuriko Koki alikuwa hajafika kwetu, maana siku zile maji yalikuwa yakifunguliwa na yule mlevi aliyeangukia mtaroni. Basi ni mwaka uliofuata, ule ukuta wa soko ulipoanguka na mdogo wangu wa kike akaihamishia cherehani yake kibarazani kwangu. Ndiyo. Mwaka huo.

Koki si jina alilopewa na wazazi wake. Hilo tulilisikia mara moja, siku alipojitambulisha, kisha mtaa ukamwita kwa kazi yake naye akaitika. Alikuwa mrefu, mwembamba, bega moja limeshuka kwa kuchukua chuma kila siku. Chuma chenyewe ndicho ufunguo wa maji: fimbo nene inayomfika mtu kifuani, juu ina mshikio wa kukingama, chini ina mdomo wa kuikamata koki iliyo shimoni. Kila mtaa una shimo lake kando ya barabara, limefunikwa kwa mfuniko mzito. Maji ya mji wetu hayatoshi kwenda kote kwa pamoja, kwa hiyo huenda kwa zamu, leo mtaa huu, kesho ule. Na wa kuamua huu au ule, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa Koki.

Hebu fikiri. Mtu mmoja, chuma kimoja, na mji mzima una kiu.

Alikuja na mama yake mzazi, bibi ambaye miguu ilishamkataa, wakapanga chumba nyuma ya nyumba yangu. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alimbeba mama yake hadi kwenye kiti cha dirishani na kumwekea redio karibu.

"Mama, usiniibie betri," humwambia.

"Nikiiba nitakimbilia wapi mwanangu, na miguu hii?"

Walicheka kila siku kwa neno lile lile. Mimi nikinywa chai upande wa pili wa ukuta nilikisubiri kicheko hicho, na kisipokuja mapema, chai haikushuka vizuri.

Zamu yetu ya kwanza chini ya Koki, maji yalikuja na nguvu. Bomba la uani kwangu lilikohoa, likatema kutu, likanyooka. Wakati wa mlevi tulikuwa tukipata matone, tunaambiwa mabomba yamezeeka, tunanunua kwa maboza, yale malori ya maji. Kumbe mabomba yalikuwa mazima kutuzidi sisi. Mdogo wangu kwa furaha akakamata jogoo wake akampelekea Koki mlangoni.

"Chukua huyu, mwanangu, umchinjie mama."

"Ahsante, shangazi. Lakini maji si yangu."

"Nani kataja maji? Mimi nimesema jogoo."

"Jogoo huyu akiwika kwangu, mtaa wa pili watamsikia."

"Mkono mtupu haulambwi, mwanangu."

"Basi usiulambe, shangazi. Wangu una grisi."

Mdogo wangu alirudi na jogoo wake kwapani, uso umekunjamana. Alishona kutwa nzima bila kunisemesha, kana kwamba mimi ndiye niliyemkataa. Mtaani wakasema kijana anaringa. Kwetu kukataa zawadi ni kama kumfungia mtu mlango usoni, na Koki alilijua hilo, kwa sababu jioni alikuja kukaa nami kwenye ngazi.

"Mzee wangu, nilikotoka ilianza na mayai," akasema. "Mtaa mmoja walileta mayai ya shukrani. Mtaa wa pili wakasikia, wakaleta kuku. Wa tatu ni wenye hoteli, hao hawafugi, wakaleta bahasha. Mwenzangu niliyekuwa nikifanya naye kazi hakuomba hata siku moja. Mshahara ulikuwa unachelewa, na tumbo halina likizo. Alipokea, akapokea, mpaka akaacha kushukuru na kuanza kuuliza mbona leo hamjaleta."

"Na wasiokuwa na yai?"

"Wakarudi mtoni. Kipindupindu kikaanzia kwao, kikapanda mtaa hadi mtaa, kikafika hotelini. Hakikuuliza nani alitoa bahasha."

Nikammiminia chai. Tukasikiliza redio ya mama yake.

Haukupita muda mrefu, bwana mkubwa wa ofisi ya maji akamwita. Shemeji yake huyo bwana ndiye mwenye maboza, na tangu mabomba yanyooke, maboza yalikuwa yameegeshwa tu, mbwa wanalala chini yake. Hakumwambia afunge. Alimwambia aache koki nusu wazi kwenye mitaa ya bonde. Na koki iliyofungwa nusu haina shahidi, maana maji yanadondoka, na mtu akilalamika anajibiwa kuwa bomba limezeeka. Asipotaka, kuna kituo huko bwawani kinahitaji mtu. Bwawani ni mbali, barabara ni vumbi, na hospitali aliyokuwa akitibiwa mama yake ilikuwa hapa.

Aliponieleza, alikuwa ameushika ufunguo mapajani kama mtu aliyepakata mtoto mgonjwa.

"Mzee wangu, wewe si watu wanakuita Mguu Njia?"

"Wananionea. Napenda kunyoosha miguu tu."

"Basi inyooshe nami. Nikiwa peke yangu nitalazimishwa. Nikiwa na wazee nyuma yangu, atakayetaka kunilazimisha itabidi aseme mbele yenu."

Ndivyo ilivyoanza. Kila mtaa ukatoa mtu mzima wa kutembea na Koki. Tulikuwa mimi, fundi viatu wa mtaa wa bondeni, muuza mboga mmoja mnene aliyesimama kila kona kupumua, na mdogo wangu, aliyesema haji kwa ajili ya Koki, anakuja kutazama barabara. Koki hufunua mfuniko, hushusha chuma, huzungusha. Kisha hutupatia sikio. Nasema hutupatia sikio kwa sababu tuliinama mmoja mmoja, tukaweka sikio kwenye mshikio na kusikiliza. Maji yakipita sawasawa, chuma huvuma kama mtu anayeimba mdomo umefungwa. Yakibanwa, hupiga mluzi. Hata muuza mboga, ambaye sikio lake moja halikuwa zuri, alitofautisha.

"Kinaimba," husema.

"Umesikia wewe, au umesikia tumbo lako?" mdogo wangu humuuliza.

Jamani, nilikuwa na furaha siku zile. Sikujua kama ni furaha. Nilidhani ni miguu tu inapata kazi. Mtu hutembea asubuhi na wenzake, anatia sikio kwenye chuma baridi, anasikia mji unakunywa.

Maboza yaliendelea kulala. Halafu siku moja Koki akarudi mapema, bila chuma.

Tulikwenda ofisini sote. Bwana mkubwa alitupa viti, akatuita wazee wangu kila baada ya maneno mawili. Akasema uhamisho ni jambo la kawaida, wazee wangu, kijana ni hodari, na hodari huhitajika kote.

"Kama ni jambo la kawaida," mdogo wangu akasema, "mbona umesimama?"

Akakaa. Lakini barua ilikuwa imeshatiwa sahihi.

Siku ya kuondoka, lori lilisimama mbele ya nyumba. Koki alimbeba mama yake, akamkalisha mbele kando ya dereva, redio mapajani. Mwenyewe alipanda nyuma na godoro.

"Mama, usimwibie dereva betri," akapaza sauti kutoka nyuma.

Tukakisikia kicheko kile. Mdogo wangu alikuwa ameshika mfuko. Ndani mlikuwa na kuku wa kukaanga, na safari hii Koki alipokea bila ubishi, kwa kuwa hakuwa tena na maji ya kumpa mtu. Akainama kutoka juu ya lori akaniambia, "Mzee wangu, anayekuja msimwache peke yake. Hata akiwa mtu mwema. Hasa akiwa mtu mwema."

Aliyekuja alikuwa na pikipiki.

"Karibuni tutembee, wazee," alisema akiwasha. "Mwenye mbio aje." Vumbi likatufunika. Mitaa ya bonde ikaanza kudondoka, na mbwa wakafukuzwa kutoka chini ya maboza.

Tulikaa kibarazani. Mdogo wangu ndiye aliyeinuka, akabeba cherehani yake, akaenda kuiweka kando ya mfuniko wa mtaa wetu, na mwavuli juu. Fundi viatu akaona, akahamishia kibanda chake kwenye mfuniko wa bondeni. Muuza mboga naye akatandaza mchicha wake kwenye wa kwake, akashukuru Mungu kwamba safari hii kazi ni ya kukaa.

Mwenye pikipiki alipofika, akamkuta mtu.

"Shangazi, sogea nifanye kazi."

"Fanya, mwanangu. Nami niko kazini." Alipokwisha kuzungusha, mdogo wangu akanyoosha mkono. "Nipe nisikilize."

Alimpa kwa kununa. Siku nyingi alinuna. Siku moja, bila kuombwa, aliugeuza mwenyewe mshikio upande wa sikio la mdogo wangu.

Sisemi mambo yamenyooka. Kuna wiki chuma hupiga mluzi, tukapiga kelele, na wiki ifuatayo kikavuma. Bwana mkubwa naye alihamishwa, kwa kupandishwa cheo, nasikia. Mdogo wangu amekwisha kufariki, na cherehani iko pale mfunikoni na binti yake. Maji yanakuja.

Chumba cha nyuma amepanga mwalimu, mtu mpole, hana redio. Kiti cha dirishani sikukitoa. Asubuhi nikinywa chai bado nategea sikio ukutani, kisha miguu hunitoa nje yenyewe na kunipitisha njia ile ile, mfuniko hadi mfuniko, na wanaonisalimu hudhani nafanya mazoezi.

Nimemuuliza mtunza stoo wa ofisi ya maji, akasema atanitazamia. Nimemuuliza bwana mkubwa mpya, akaniita mzee wangu. Hata yule dereva wa lori nilimkuta mara moja akibadilisha gurudumu, nikasimama naye mpaka akamaliza, nikamuuliza, naye akajifuta mikono, akapanda, akaondoka. Wala si swali gumu. Nataka kujua tu, huko bwawani, kuna mtu anayetembea naye?