Kamusi ya Mke Wangu

Mimi huchora ramani za nyumba mjini Kahama. Elimu yangu ni darasa la saba. Kompyuta nilifundishwa na wapima ardhi niliokuwa nikiwashikia mkanda kule Bugarama. Jua likiwa kali walikimbilia ndani ya gari kuchora, nami nikakimbilia humo humo kuangalia. Mistari niliishika upesi. Ukuta wangu ukisema mita tatu, ni mita tatu. Kilichonishinda ni maneno.

Kwetu Ushetu nilikua na Kisukuma, na ulimi wa Kisukuma hauna shughuli na herufi r. Kwa hiyo ramani zangu za mwanzo zilijaa "dilisha", "dali" na "balaza". Mchimbaji mmoja aliyebahatika alijenga nyumba kubwa ambayo kwenye ramani ina sakafu ya "malumalu" vyumba vyote. Hakulalamika. Naye alikuwa Msukuma.

Mke wangu alikuwa mtu wa Korogwe. Alianza kunisahihisha, nami nikaingiwa na woga, nikawa naweka r kila mahali kwa usalama. Siku alipokuta "mrango wa chumba cha kurara", alikaa chini sakafuni akacheka mpaka akashika ubavu. Halafu akavuta kiti.

Programu ya kuchorea ina kikaguzi cha maneno, lakini kinajua Kiingereza tu. Kila neno la Kiswahili kinalisimamisha kama askari wa barabarani. Mke wangu akawa analiruhusu moja moja: anabonyeza kitufe cha kuongeza, na neno linaingia kwenye kamusi ndogo ya pembeni. Baraza, dari, dirisha, marumaru. Baada ya miezi michache mashine ilijua Kiswahili cha nyumba kuliko mimi. Pembeni mwa kila ramani, penye "Imekaguliwa na", nikaandika jina lake, na alistahili.

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Lina r moja na l moja. Mimi nilizitamka zote l tangu siku ya kwanza mpaka wodini.

Alifariki mwaka jana kabla ya mvua. Kompyuta nayo ikaanza kusinzia, nikaipeleka kwa fundi, akapiga window upya, yaani akaingiza programu zote tena, na kuweka diski mpya. Sikujua kilichopotea, kwa sababu miezi ile nilichora kidogo na sikukagua kitu. Kama kuna mtu Kagongwa anajenga nyumba yenye "kalo la maji machafu", anisamehe.

Ukafika wakati wa kujengea kaburi. Kibao cha jiwe huchongwa kwa mashine: unampelekea mchongaji faili la mchoro, na kilichomo ndicho kinachochongwa. Nilisema nitachora mwenyewe. Nikaweka fremu, nikaweka msalaba, nikaandika jina. Nikalitazama. Lilikuwa sawa kabisa machoni pangu, na hapo ndipo nilipoogopa. Wakwe walikuwa njiani kuja wiki ile, na baba mkwe ni mwalimu mstaafu. Nilijua kuna r mahali fulani. Sikujua wapi.

Cheti cha kifo hakikunisaidia, maana karani alikiandika kutoka mdomoni mwangu, na kina l mbili. Karatasi zake nyingine dada zake waliondoka nazo baada ya matanga. Ningeweza kuwapigia simu. Mwanamume aliyeishi na mke miaka kumi na mbili awapigie shemeji zake kuwauliza anaitwa nani? Nikaona bora nimuulize yeye mwenyewe kupitia kamusi.

Nikabonyeza kikaguzi. Kikajibu kwamba kamusi haipatikani.

Nikampigia fundi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzee, samahani, nilidhani hukuwahi kuwa nayo. Ramani zako nimeziona."

Hata hivyo alinielekeza. Diski ya zamani alinirudishia, ilikuwa kabatini ndani ya mfuko wa nailoni. Nikafungua mipangilio ya programu, upande wa mafaili, nikakuta mstari unaoonyesha mahali pa kamusi: ulikuwa unaelekeza kwenye folda ambayo haipo tena. Yaani mashine ilikuwa inabisha hodi kwenye nyumba iliyobomolewa. Nikaunganisha diski ya zamani kwa waya, nikatafuta asubuhi nzima, mara mbili nikafungua picha za harusi badala yake. Hatimaye nikalipata faili lenyewe, nikalinakili, nikaurekebisha mstari ule uelekee penye faili. Kwa mtu anayejua ni kazi ya dakika tano.

Kabla ya kukagua nililifungua nilisome. Ni orodha tu, neno chini ya neno. Nikashuka taratibu: karo, kulala, marumaru, mlango. Jina lake lilikuwemo. Lilikuwa na l mbili.

Mashine ilikuwa imelisimamisha pale penye "Imekaguliwa na", kama nilivyoliandika mimi, mke wangu akaliona, akabonyeza kuongeza. Alinisahihisha mlango, dari na baraza. Hilo aliliacha lipite.

Hapakubaki ujanja. Nikampigia baba mkwe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nikamwambia ukweli wote, pamoja na habari ya cheti.

"Wewe ulikuwa unamwitaje?" akauliza.

Nikalitamka.

"Na alikuwa anaitika?"

"Alikuwa anaitika, baba."

"Basi hilo ni lenu. Kwenye jiwe andika nililompa mimi. Chukua kalamu." Akanitajia herufi moja moja, polepole, kama kwa mtoto wa darasa la kwanza, na nilipomrudishia akanisahihisha mara mbili, kwa sababu kila nikisema r anasikia l. Mwisho akasema, "Andika ile inayotikisa ulimi. Ya mbwa akinguruma." Nikaipata.

Nikaandika jina upya kwenye kibao, nikabonyeza kikaguzi kwa mara ya mwisho. Kikapita msalaba, kikafika kwenye jina, kikasimama. Neno hili silijui, kikasema, na chini yake kikapendekeza lile la l mbili. Kikaniuliza: kubadilisha, kuongeza, au kupuuza?

Nikabonyeza kupuuza. Kamusi nikaiacha kama alivyoiacha, na faili nikalipeleka kuchongwa.