Ukumbi wa Taarabu Usio na Viuno

Mimi na rafiki yangu, fundi wa kompyuta, tulijifungia Bagamoyo miezi kadhaa tukijenga ukumbi wa taarabu usiokuwepo duniani. Shabiki angevaa miwani maalumu akiwa kwake, ajikute mbele ya jukwaa, katikati ya mashabiki wenzake. Tuliweka taa na mapazia. Hata harufu ya udi tuliijadili kwa kirefu kabla ya kukubali kwamba imetushinda.

Mtu wa kwanza kuingia alikuwa shangazi yangu wa Kaole, ambaye hakosi shughuli yoyote yenye taarabu. Tulimvika miwani sebuleni kwake. Akatazama huku na huku, kisha akajitazama mwenyewe.

"Mbona mimi naishia kifuani?"

"Samahani, shangazi," rafiki yangu akamjibu kwa adabu. "Sehemu za chini zinailemea kompyuta, tukaona tuziache kwanza."

"Mmejenga ukumbi wa taarabu, mkaacha kiuno?"

Tukarudi kazini, tukampa kiuno. Siku ya jaribio la pili alikikata mara moja tu, jukwaa zima likaganda. Muziki pekee ndio ulioendelea kwenye spika. Shangazi akavua miwani, akanikabidhi, akajifunga kanga na kucheza pale pale mkekani. Majirani waliposikia wakapiga hodi, wakaingia wakicheza.

Sisi wawili tulibaki tumeinamia kompyuta, tukitafuta kosa liko wapi, hadi jirani mmoja alipotuomba tuisogeze pembeni, maana ilikuwa inawabana wachezaji.