Mashuka Yaliyoanikwa Uwanjani

Nyumba yetu ya Ntalikwa imejengwa juu ya uwanja wa ndege. Sisemi karibu, nasema juu. Jiko la mama liko pale pale ambapo ndege ndogo ilikuwa ikisimama baada ya kutua.

Uwanja ulikuwa wa mwenye shamba la tumbaku, na baba ndiye aliyeutunza: kufyeka nyasi, kufukia mashimo ya panya, kufukuza ng'ombe. Hapakuwa na mnara wala redio. Rubani hakupiga hata simu. Alikuja tu, akazunguka mara moja angani. Baba akiona hakuna mifugo njiani, alitandaza mashuka meupe kwenye nyasi. Rubani akiyaona alitua. Asipoyaona, alikwenda zake uwanja wa mjini.

Shamba likauzwa. Wapima ardhi wakaja, wakapanda vigingi, na baba akapewa kiwanja kimoja kwa utumishi wake. Ilibaki kazi moja: kumwambia rubani, ambaye bado alimleta daktari wa macho kila baada ya miezi kadhaa, kwamba uwanja haupo.

"Nitampigia kesho," baba alisema.

Mama alimuuliza wakati msingi unachimbwa. Akamuuliza kuta zilipopanda. Tulipoezeka mabati aliacha kuuliza, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli. Hata pikipiki ikinguruma barabarani, nilitazama juu.

Kiangazi kilichopita, Jumamosi asubuhi, nilikuwa nyuma ya nyumba napepeta mchele. Jirani yetu, aliyehamia kutoka Ipuli, alikuwa amefua mashuka ya harusi ya binti yake na kuyaanika kwenye nyasi, upande ambao viwanja havijajengwa. Yote meupe. Nilikuwa bado nayatazama niliposikia mlio.

Ndege ikazunguka mara moja. Kisha ikaanza kushuka.

Baba alitoka mbio bila viatu, akayavamia mashuka, akayakumbatia.

"Mzee! Hayo ya bibi harusi!" jirani alipiga kelele. "Umerukwa na akili?"

"Kusanya, jirani! Kusanya!" baba alimjibu.

"Mama, toka jikoni!" nami nilipaza sauti, lakini sikuisikia sauti yangu mwenyewe. Ndege ilipita juu yetu, chini mno. Mabati yakatetemeka, mchele ukamwagika, nikaona madoa ya mafuta kwenye tumbo lake. Ikainuka taratibu, ikageukia mjini.

Jirani alikuwa wa kwanza kusema. "Yamejaa vumbi. Utayafua wewe, mzee, kwa mikono hiyo hiyo."

Mama alicheka, kisha akajifunika uso kwa khanga na hakuufunua kwa muda mrefu.

Tulikuwa tumekaa kizingitini simu ya baba ilipoita. Aliitazama tu.

"Pokea," mama alisema.

Alininyooshea simu, nikaibonyeza mimi. Sauti ya rubani ikajaa ua mzima.

"Shikamoo mzee wangu! Leo umenitisha. Niliona mabati, nikadhani mmejenga pembeni, maana mashuka yalikuwepo. Mbona umeyatoa ghafla? Ng'ombe?"

Niliona jinsi neno lile lilivyomfaa baba. Angelikubali tu, na rubani angerudi baada ya miezi kadhaa.

"Marahaba," alisema hatimaye. "Si ng'ombe, mwanangu. Ni nyumba yangu."