Sindano ya Fedha na Mafuta ya Mama

Kazini kwetu maabara tulimwita Bibi Sindano, na hakuchukia. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa akitengeneza sindano za fedha, akizizamisha kwenye asidi mpaka ncha ikawa nyembamba kiasi cha kutoonekana kwa macho. Ncha hiyo tunaisogeza juu ya bamba la dhahabu na kuimulika kwa leza, kisha mwanga unaorudi huchora kwenye skrini mstari wenye vilele vya kila kemikali iliyo chini yake. Hivyo ndivyo tunavyoziona kemikali zikibadilika juu ya metali. Wenye shahada tulikuwa wengi pale, lakini mwenye mkono ule alikuwa mmoja.

Alikuwa mkali, tusidanganyane. Manukato marufuku, sabuni ya harufu marufuku, maana fedha hunasa kila kinachopita hewani. Mimi mwenyewe, mtu mzima na ndevu zangu, aliwahi kunirudisha nyumbani nikaoge upya. Nilinuna siku tatu.

Mwaka jana kikatokea kilele ambacho hakuna aliyekitarajia. Mkuu wa maabara akasema ni kemikali mpya inayozaliwa juu ya dhahabu. Makala ikaandikwa, na kwa mara ya kwanza jina la Bibi Sindano likawekwa miongoni mwa waandishi. Alikwenda kumweleza mama yake, aliyekuwa kitandani mwaka mzima kwa kiharusi. Mama akasema atangoja alione jina hilo kwa macho yake.

Hakuwahi. Tulimzika kabla makala haijatumwa.

Bibi Sindano aliporudi kazini baada ya wiki mbili, kilele kilikuwa kimetoweka. Tulibadilisha bamba, tukasafisha vioo, tukapima tena na tena, wapi. Mwishowe Mkuu akasema labda mkono wa mfiwa unatetemeka, sindano haziko sawa. Maneno yale yaliniudhi mimi. Yeye alichukua mkoba wake akaenda nyumbani.

Kesho yake alikuja na kichupa. Yalikuwa mafuta ya kuchua, aliyompaka mama yake miguuni kila asubuhi kabla ya kuja kazini. Mikono alinawa, lakini nywele na nguo zilibeba harufu. Pua yake ilikwisha kuizoea, na sisi, nani angethubutu kumnusa mnusaji? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yeye hakuficha kitu. Hakujua. Sasa alijua, na alijua peke yake. Angenyamaza, makala ingekwenda na jina lake.

Alikifungua kichupa kando ya mashine, akasubiri, akashusha sindano. Kilele kikasimama palepale pa zamani.

"Mkuu, hiki hakitoki kwenye dhahabu," alisema. "Ni mafuta ya mama. Makala isiende."

Mkuu akanyoosha mkono azime leza. Bibi Sindano akamzuia.

"Kiache kidogo," alisema.

Leza ile huunguza kile inachokionyesha. Kilele kikapungua taratibu, naye akakitazama bila kupepesa mpaka mstari ukalala. Mazikoni hakutoa chozi. Pale, mbele yetu sote, alilia, na mimi nikaenda kumshika bega.