Nilivyokwenda Oldonyo Sambu Kurekebisha Maoni

Ngarenaro, Jumamosi, saa moja asubuhi. Niliondoka nyumbani kwa sababu moja tukufu: kulinda heshima ya elimu ya juu. Yaani heshima yangu. Mimi Godlisten, mwaka wa tatu, ndiye mratibu wa huduma ya wanafunzi kufundishana chuoni kwetu, na ndiye pia ninayewafundisha takwimu mwaka wa kwanza. Kwa hiyo najisimamia mwenyewe, na sijawahi kujikuta na kosa.

Mwisho wa muhula mshauri wa wanafunzi alitaka tukusanye maoni ili huduma iboreshwe. Nikagawa fomu zisizo na majina, kisha nikasimama mlangoni nikizipokea kwa mkono wangu, huku nikimtazama kila mmoja usoni. Usiri mtupu! Wote waliandika "huduma ni nzuri sana", isipokuwa mmoja: "Sielewi chochote, na siwezi kusema." Mwandiko niliutambua palepale. Ni wa Neema, binti mpole anayekaa nyuma. Jumatatu alikuwa na sapu ya takwimu, yaani mtihani wa marudio, na asipoifanya anadisko, chuo kinaagana naye. Wiki nzima alikuwa hajaonekana.

"Mfuate kwao," mshauri aliniambia. "Mrudishe afanye mtihani."

Niliitikia kwa unyenyekevu wote. Begini nikatia fomu mpya, tupu, na kalamu mbili. Ningemrudisha, ndiyo, ila kwanza airekebishe ile sentensi iliyoniharibia ripoti.

Sakina, saa mbili. Nilipata Noah ya njia ya Namanga, siti ya mbele, kama mheshimiwa. Dereva aliniuliza naenda kufanya nini.

"Kuchukua maoni ya mwanafunzi."

"Hajakupa?"

"Alinipa."

"Sasa unafuata nini tena?"

Nikajifanya naangalia simu. Watu wa barabarani wana maswali ya ajabu.

Tulipopita Ngaramtoni migomba ikaanza kupungua, na mbele zaidi ikabaki nchi kavu, upepo na vumbi, mbuzi wakikatiza barabara bila haraka. Mlima Meru nilikuwa nauona upande wake wa nyuma sasa. Nikautumia muda huo kupanga hotuba yangu juu ya umuhimu wa maoni chanya.

Oldonyo Sambu, saa tatu na nusu. Bodaboda ilinishusha kwenye nyumba ya bati yenye kalenda ya kanisa mlangoni. Mama mmoja alikuwa amekaa nje anachambua maharage.

"Shikamoo mama. Mimi ndiye ninayemfundisha Neema chuoni."

"Marahaba, baba. Kumbe ndiye wewe!" Akanyanyuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Neema anakusifu sana. Anasema unafundisha vizuri kabisa, ila yeye kichwa chake ndicho hakishiki. Ndiyo maana amesema harudi tena."

Jamani! Sifa nilizozifuata kwa nauli yangu nilipewa bure mlangoni, na ziliniuma moyo.

Neema akatokea na ndoo ya maji. Aliponiona akainamisha kichwa. "Kaka Godi, unisamehe kwa ile fomu."

"Fomu gani? Zile si hazina majina," nikasema, bila hata kupepesa.

Nililetewa bakuli la loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando. Kabla sijafika nusu, mama akatoa amri. "Mwalimu, mfundishe hapahapa nisikie. Nataka kujua kinachomshinda mwanangu."

Nikafundisha nilivyozoea. Nikaandika kanuni ya kupima namba zinavyotawanyika, ile ambayo mwishoni unagawanya kwa idadi ya vitu ukishatoa moja. Nikaeleza mbio mbio, nikamalizia kwa kishindo: "Tumeelewana?"

"Ndiyo," akaitika Neema.

"Mimi sijaelewa," mama akasema. "Hiyo moja mnaitoa ya nini?"

Nimeifundisha kanuni hiyo mihula miwili. Nikakohoa. Nikanywa maziwa. Nikasema ndivyo kanuni ilivyo.

"Haya, lakini kwa nini?"

"Sijui, mama. Niliikariri."

Neema akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Hujui? Kaka Godi, nimelia wiki nzima kwa ajili ya hiyo moja! Nilidhani darasa zima wanajua, mimi tu ndiye mjinga."

"Si ungeuliza?"

"Nikuulize saa ngapi? Unasema tumeelewana, wote wanaitika ndiyo, tayari umefuta ubao. Huku kwetu mkubwa akimaliza kusema, unaitika. Nikisema hapana, si nimekuaibisha mbele za watu?"

Nilisikia aibu mpaka masikioni. Tukafungua kitabu, tukahangaika mpaka mchana. Mwishowe Neema ndiye aliyechukua maharage ya mama yake, akapanga mafungu matano. "Wastani tukishaujua," akasema polepole, "na mafungu manne tukayajua, hili la tano halina ujanja. Linajulikana lenyewe. Kwa hiyo yaliyo huru ni manne."

"Kumbe!" mama akasema. "Si mngesema hivyo?"

Nikamuuliza Neema angekuwa mratibu angefanyaje. Hakufikiri hata kidogo.

"Kila mtu aandike asichoelewa kabla hujaanza, na karatasi zikusanywe na mtu mwingine. Na wewe usichokijua, sema."

Saa kumi jioni tulisimama barabarani tukingoja gari, yeye na begi lake. Mama alimshika bega. "Kafanye. Ukianguka, utarudi nyumbani. Ila mjinga usijiite tena."

Jumatatu alifanya mtihani. Amepita, kwa alama ambayo hata yeye haitangazi, lakini yuko chuoni. Sasa karatasi za maswali zinakusanywa na mama wa kantini, na nimegundua kwamba lile darasa langu zuri sana lilikuwa halielewi tangu wiki ya pili.

Kwenye ripoti kuna sehemu ya kutaja sababu za wanafunzi kushindwa. Miaka yote huwa tunajaza "uvivu". Safari hii nimeandika jina langu kamili.