Mkufunzi Aliyekataa Kunisainia

Nilipofaulu mtihani wa mashine inayoiga ndege, mama aliwatangazia washirika wa kanisa letu mtaani Woodley kuwa bintiye sasa ni rubani. Haikuwa hivyo bado. Nilibakiza safari za mafunzo: unarusha ndege yenye abiria halisi, kapteni mkufunzi yuko kando yako, na rubani wa tatu ameketi nyuma yenu mpaka mkufunzi aridhike nawe.

Mkufunzi wangu, mzee wa mtaa wa Mountain View aliyekaribia kustaafu, nilimuuliza siku moja kwa nini tubebe mtu wa tatu.

"Enzi zetu hakuwapo," alisema. "Nilipewa safari nne, karatasi ikasainiwa, basi. Rafiki yangu naye nne. Ya tano, kapteni wake alizirai wakijiandaa kutua, mvua inanyesha. Rafiki yangu akabaki peke yake." Akatazama nje. "Tulizika watu kumi na mmoja. Ndipo sheria ikaongezwa."

Wiki iliyofuata tulikuwa tunatua Kisumu, upepo wa ziwa ukitupiga ubavuni. Ndege ikaanza kuyumba, nami nikaganda. Niliiona barabara ya kutulia ikija na mikono haikusogea.

"Panda! Panda!" rubani wa nyuma alipaza sauti.

"Nimeichukua," kapteni akasema, akaipandisha.

Tulipotua mara ya pili, abiria walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimelowa jasho hadi viatuni.

Aliniongezea safari. Niliganda tena, mara mbili. Mwishowe aliniita mkahawani mjini, akaweka faili langu mezani.

"Msichana wangu, sitasaini."

"Kumi zaidi tu, Kapteni. Tafadhali."

"Nimeshakupa kumi na tano."

Nilimchukia mtu yule. Nilipofika nyumbani nikamweleza mama, aliendelea kuosha vyombo, kisha akaingia chumbani na kufunga mlango. Mkufunzi alifariki mwaka mmoja baada ya kustaafu. Sikwenda kumzika, na hilo limenikaa moyoni.

Sasa niko ofisini mjini, nakagua mafaili ya marubani wanafunzi. Juzi lililetwa moja lenye upungufu wa safari mbili.

"Mbili tu," meneja alisema. "Si upitishe?"

Nililirudisha. Jioni mwenye faili alinipigia simu, akaniuliza nina roho gani. Nilimsikiliza mpaka akakata mwenyewe.